Sura ya Tano: Moto Usio na Moshi

Watu wa pwani, wakiutaja msimu wa kipupwe, huutaja kwa furaha, maana kwao ni miezi ya nafuu, wakati upepo wa kusi unapoifukuza hari na mtu akaweza kulala chini ya shuka bila kutokwa jasho. Wala haiwapitikii kwamba upepo huo huo, baada ya kuivuka nyika na kupanda hatua kwa hatua hadi kwenye miteremko ya Mlima Kenya, hugeuka wingu zito la kijivu linaloketi juu ya Embu, Kerugoya, Karatina na Nyeri tangu Juni hadi Agosti, likalizuia jua, likanyunyiza manyunyu ambayo si mvua wala si umande, mpaka wenyeji wakasema kwamba gathano imeingia. Mji wa Nyeri, uliokaa kati ya mlima huo na safu ya Nyandarua, katika kimo cha mita 1,750 hivi juu ya bahari, hauna theluji, na mtu aliyezoea Ulaya atacheka akisikia tunalalamikia alfajiri ya nyuzi 11 au 12. Na acheke. Baridi ya kwao huishia mlangoni. Ya kwetu hubisha hodi, ikaingia, ikavua viatu na kuketi nasi hadi asubuhi.

Sababu haiko katika hewa bali katika nyumba. Nyumba ya asili ya Mgikuyu ilijengewa moto: mafiga matatu katikati, paa la nyasi nene lililouachia moshi upenye taratibu huku likilizuia joto, na mbuzi kadhaa waliolala humo humo pamoja na mama na watoto, mbuzi ambao, licha ya heshima yao katika mambo ya mahari, walikuwa hita za miguu minne, kwa kuwa kila kiumbe mwenye damu moto hutoa joto usiku kucha bila kudai malipo ila majani. Yalipokuja mawe ya kuchonga na mabati, nyasi ziliondoka na mbuzi wakatolewa nje, lakini moto ulibaki, kwa walowezi katika meko ya ukutani yenye dohani, kwa sisi wengine katika jiko la makaa. Na kwa ajili ya moto huo wajenzi wakawa wanaacha matundu ya hewa juu ya madirisha na milango, matundu yasiyo na kifuniko, yanayopitisha upepo usiku na mchana, mtu awe anahitaji hewa au hahitaji.

Matundu hayo hayakuwa upuuzi, na kabla sijayasema vibaya sina budi kuyatetea. Makaa yakiungua katika chumba kilichofungwa hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu mahali palipostahili kushikwa na oksijeni, na aliyelala hapati hata fursa ya kukohoa. Kila gathano husikika habari ya familia iliyoingiza jiko chumbani ipate joto, ikafunga mlango, na majirani wakaja kuuvunja asubuhi. Kwa hiyo kanuni ya jiko haina tafsiri mbili: palipo na makaa, tundu ni uhai, na baridi inayopita humo ni kodi inayolipwa kwa ajili ya uhai huo.

Umeme hauli hewa ya chumba wala hautoi moshi, na hapo ndipo yalipo mabadiliko ambayo wengi wetu hatujayatia maanani: tumebadilisha moto, lakini hatukuibadilisha nyumba. Tunaingiza hita katika chumba kilichotobolewa kwa ajili ya jiko, kisha tunastaajabia bili.

Julai mmoja nilikaribishwa chai kwa bibi mmoja wa Kiganjo, mwalimu mstaafu, ambaye wanawe walioko ughaibuni walikuwa wamemtumia fedha anunue hita ya mafuta, ile yenye mapezi kama redieta ya lori, ya wati 2,000. Aliinunua, akaiweka sebuleni karibu na dirisha, akakizungusha kitufe chake hadi mwisho, penye namba 6, na tangu hapo hakukigusa tena, ila tokeni alizozoea kuzitumia mwezi mzima zikawa zinakwisha katika siku kumi, na miguu yake, kama alivyosema mwenyewe, ikabaki miguu ya chura. Nilimkuta na kijana fundi aliyeitwa kuitazama hita hiyo, naye alikuwa amekwisha kuitazama.

"Cucu, hii haina ubovu wowote."

"Haina ubovu, mwanangu, nami ninakaa hapa na makoti mawili?"

"Umewahi kuisikia ikilia ta?"

"Kulia?"

"Ta. Kama pasi ikishapata moto."

Bibi alifikiri kwa muda, kwa uaminifu wa mwalimu anayesahihisha mtihani wake mwenyewe, akakiri kwamba hakuwahi kuisikia.

Kijana yule alikuwa ameuliza swali ambalo kila mwenye hita angestahili kuulizwa kwanza. Mlio ule mdogo ni sauti ya themostati, na watu wengi wanaoimiliki huidhania kuwa ndiyo inayopasha joto, ilhali haipashi chochote. Kazi yake ni kusema basi. Ndani yake, katika umbo lake la kale ambalo bado limo katika pasi na katika hita nyingi za bei nafuu, mna utepe wa madini mawili yaliyogandamanishwa, mathalan shaba na chuma, ambayo hayatanuki sawa yakipata moto, hata utepe ukapinda kuelekea upande wa yule mvivu wa kutanuka, ukaachana na ncha iliyokuwa ikipitisha umeme, na njia ikakatika. Ukipoa hunyooka, njia ikaungana tena. Ufundi wa kuunganisha madini mawili namna hiyo hunasibishwa na John Harrison, seremala Mwingereza wa karne ya 18 aliyemaliza umri wake akitengeneza saa ya kuwaongoza mabaharia, ambayo isingecheleweshwa na joto wala kuharakishwa na baridi. Ama themostati ya umeme ya chumbani ilipata hataza mwaka 1883, ikiwa kazi ya Warren Johnson, mwalimu wa chuo cha ualimu cha Whitewater, Wisconsin, aliyechoshwa, kwa mujibu wa masimulizi, na mtunza jengo aliyekuwa akiingia darasani kila mara kutazama kama wanafunzi wanaona baridi. Chombo chake cha awali hakikuzima wala kuwasha moto. Kilipiga kengele tu, ili mtu wa tanuri kule chini ajue la kufanya. Naona ile ta ya hita ni mjukuu wa kengele hiyo, tofauti ikiwa kwamba siku hizi mtu wa tanuri hayupo.

Likishafahamika hilo, kosa la bibi, ambalo ni kosa la mji mzima, hujieleza lenyewe. Alikipeleka kitufe hadi 6 akidhani kwamba chumba kitapata joto upesi, lakini hita ya wati 2,000 hutoa wati 2,000 ikiwa kwenye 2 kama ikiwa kwenye 6. Namba haiongezi kasi, inasogeza kikomo. Anayeshukia Sagana hafiki upesi kwa kukata tikiti ya Mombasa. Tena namba hizo si nyuzi za joto, wala 6 ya hita hii si 6 ya ile ya jirani, na kwa kuwa themostati yenyewe imefungwa katika mwili wa hita, hulihisi joto la mwenye nyumba yake kabla ya kulihisi la chumba. Ukiisogeza nyuma ya kochi, hewa moto hujikusanya pale, ikalia mapema na wewe ungali unatetemeka. Ukiiweka penye upepo wa mlango, hailii kamwe. Dawa ni kipimajoto cha bei rahisi kilichoangikwa mbali na hita, kwa kimo cha mtu aliyeketi, na alama ya kalamu kwenye kitufe pale ambapo chumba kilitulia kwenye joto unalolipenda. Baada ya jioni mbili au tatu za kujaribu, namba za kiwandani hazina kazi tena.

Hapo nilitaka kucheka, kwa kuwa katika chumba cha pili bibi yule yule alikuwa na mashine ya kutotolesha mayai, na hakuna mtu mkali kuhusu themostati kuliko mfugaji wa kuku wa Nyeri: nyuzi 37.5 kwa siku 21, na bibi alikuwa akiamka usiku na tochi kuhakikisha hazijapungua wala kuzidi. Kipimajoto cha akiba alikuwa nacho kabatini. Mayai yalikuwa yakitunzwa kwa hisabati na mwenyewe kwa kubahatisha.

Lakini kipimajoto peke yake hakingemsaidia, na sababu yake inastahili kuhesabiwa, hata kwa msomaji anayechukia hesabu. Sebule ya mita 4 kwa 3, yenye dari kwa kimo cha mita 2.7, ina hewa ya takriban kilo 32, maana katika kimo chetu hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Kuipandisha hewa hiyo kutoka nyuzi 12 hadi 20 hakuhitaji hata sehemu moja ya kumi ya uniti ya umeme. Hita ya bibi ingeimaliza kazi hiyo katika dakika mbili na ushei. Basi uniti zote za zile tokeni zilikwenda wapi? Nyingine zilinywewa na kuta za mawe, ambazo hunywa joto kwa pupa jioni na kulirudisha kwa uchoyo usiku. Nyingine zilitoka kwa kioo cha dirisha. Na sehemu kubwa ilipaa, kama moshi ulivyozoea kupaa, ikatoka kwa matundu ya juu na kuiacha nafasi yake ijazwe na hewa baridi iliyoingia chini ya mlango. Themostati katika nyumba ya namna hiyo hufanana na karani anayengoja daftari lijae ili alifunge, ilhali kurasa zinachanwa upande wa pili. Hailii kwa sababu haina haki ya kulia.

Kwa hiyo mtu akinijia kuniuliza anunue hita gani, humwuliza kwanza kama ana dari. Bati tupu huachia joto litoke kana kwamba hakuna kitu, na dari hata ya mbao nyembamba, kwa ile hewa tulivu inayoizuia kati yake na bati, huupunguza upotevu huo kwa zaidi ya nusu. Fedha ya hita kubwa ingefanya kazi njema zaidi kama ingeanzia huko. Kisha mlango, ambao blanketi kuukuu lililokunjwa chini yake hutosha. Kisha mapazia mazito yafikayo sakafuni, yashushwe jua linapotua, wala yasiigubike hita. Kisha matundu, ambayo fundi wetu aliyatengenezea vibao vyepesi vya kuchomeka na kuchomoa, kwa sharti alilolirudia mara tatu mbele ya wajukuu: katika chumba hicho lisiingie jiko la makaa, wala jiko la gesi, wala taa ya mafuta, na vibao viondolewe asubuhi. Kwa nini viondolewe? Kwa sababu watu hutoa mvuke, na katika gathano hatuna pa kuanika nguo ila ndani. Chumba kilichozibwa siku nzima hutoa machozi kwenye vioo na kuvu pembeni mwa dari, na ukuta mbichi ni baridi maradufu. Fungua wazi kwa robo saa, mchana, hita ikiwa imezimwa, kisha ufunge.

Joto gani latosha? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi wa mwaka 2018, lilitaja nyuzi 18 kuwa kiwango cha chini kilicho salama ndani ya nyumba katika nchi zenye msimu wa baridi, pamoja na kutambua kwamba wazee, watoto wachanga na wagonjwa huenda wakahitaji zaidi. Mimi naona 18 kwa mwenye sweta na 20 au 21 kwa mzee aliyeketi, na baada ya hapo ni israfu. Februari 1977, Marekani ilipokuwa imebanwa na upungufu wa nishati, Rais Carter aliketi mbele ya taifa akiwa amevaa sweta, akawaomba raia waziweke themostati zao kwenye nyuzi 65 za Fahrenheit mchana na 55 usiku, yaani 18 na 13 kwa hesabu yetu. Wamarekani, basi, waliombwa wastahimili ndani ya nyumba usiku ule ubaridi ambao Nyeri ya Julai huwa nao nje, na hili hulitaja kila ninapowasikia ndugu zetu waliorudi kutoka Minnesota wakilalamika kwamba wamekuja kugandia nyumbani. Wanasema kweli. Kule nje ni kuzimu ya barafu, ila themostati imo ukutani na nyumba imezibwa; hapa tofauti ya kufidiwa ni nyuzi 8 tu, nasi tunashindwa nayo.

Na udogo wa tofauti hiyo ndio bahati yetu. Hita haina haja ya kuwaka mchana wala usiku kucha. Saa tatu au nne za jioni, na pengine nusu saa ya alfajiri kabla ya watoto kuvaa, kwa kutumia taima ya soketi, zatosha. Wapo wanaoshikilia kwamba kuiacha ikiwaka moja kwa moja ni rahisi kuliko kuipasha nyumba upya kila siku, na nimelisikia kwa watu wenye elimu. Si kweli, kwani nyumba hupoteza joto kwa kadiri inavyopita baridi ya nje, na nyumba iliyopoa haina cha kupoteza. Tufanye uniti moja ni shilingi 30, maana ukijumlisha kodi na tozo haiko mbali na hapo. Wati 2,000 kwa saa nne bila kukatika ni uniti 8, shilingi 240 kwa jioni. Ikilia na kupumzika nusu ya muda, ni 120. Isitoshe, bei ya nyumbani hupanda kwa madaraja, ikivuka uniti 30 kwa mwezi na tena ikivuka 100, hivyo kwamba hita ya Julai humpandisha mwenye nyumba ndogo daraja, na taa na redio yake zikalipiwa ghali kwa dhambi isiyokuwa yao.

Kuhusu aina za hita sitasema mengi, kwa sababu wauzaji husema mno. Kila hita ya waya, ya mafuta, ya feni au ya mwanga mwekundu, huigeuza uniti moja ya umeme kuwa uniti moja ya joto, si zaidi; ile inayouzwa ghali kwa madai ya kubana matumizi haina siri isiyojulikana. Tofauti ni mahali joto linapokwenda. Ya mafuta huchelewa na kudumu, yafaa chumba kilichozibwa. Ya mwanga humpasha mtu aliye mbele yake kabla ya kuipasha hewa, hivyo katika nyumba ya matundu wati 800 zilizoelekezwa magotini hushinda wati 2,000 zilizotawanywa. Na blanketi la umeme, ambalo aghalabu halifiki wati 100, au mpira wa maji moto uliojazwa kutoka kwenye birika, humfanyia aliyelala kazi ambayo hita yoyote ingeifanya kwa gharama mara kumi. Mwili wenyewe hutoa wati 100 hivi mtu akiwa ametulia. Anayeulinda kwa sufu amekwisha kuwasha hita yake ya kwanza.

Lipo jambo moja la maji ambalo siwezi kuliacha. Ile shawa ya instanti iliyo katika kila bafu la mji, Lorenzetti au nduguye, haina themostati. Ina swichi, na mdhibiti wake ni bomba unalolishika. Kifaa cha wati 5,500 kikipokea maji ya mlimani yenye nyuzi 15 na kutakiwa kuyatoa yakiwa 38, hakiwezi kupasha zaidi ya lita 3 na nusu kwa dakika. Kifaa hicho hicho kule Mombasa, maji yakiingia na nyuzi 27, hutoa zaidi ya lita 7. Kwa hiyo shawa yako haijaharibika, wala fundi hakukuibia. Punguza maji, na uoge dakika nane kwa shilingi 22 hivi. Ila iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha umeme, na waya wa ardhi uliopimwa, maana hapo maji na umeme vinakutana juu ya kichwa cha mtu. Hita nayo ichomekwe kwenye soketi ya ukutani. Amperi 8 zinazopita saa nne katika ekstensheni ya bei poa zimeyeyusha nyingi, nami nilipoteza zulia kwa njia hiyo.

Mwenye nyumba Nanyuki asinifuate neno kwa neno. Kule, upande wa pili wa mlima, jua la mchana aghalabu halikosekani na anga ya usiku huwa wazi, hivyo ukuta wa mawe unaoelekea magharibi ni hita ya bure: mapazia yafunguliwe tangu asubuhi, yafungwe saa kumi na moja, na hita ingoje. Nyeri hatuna jua la kuvuna Julai. Tuna mawingu, na mawingu hayo hujaza Chania na Sagana, mito inayoishia Tana, iliyozuiwa kwa mabwawa tangu Kindaruma mwaka 1968 hadi Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, ili sehemu ya manyunyu yanayotugandisha iturudie kwa waya.

Siku ile ya Kiganjo tulichelewa. Dari bibi alikuwa nayo. Wajukuu wakashikilia ngazi, vibao vikachomekwa, blanketi likalazwa mlangoni, hita ikatolewa dirishani na kitufe kikarudishwa hadi 3, na kile kipimajoto cha akiba kikaangikwa kando ya kalenda. Tukaendelea na chai. Ilipopata saa mbili na robo, kijana akiwa katikati ya kisa cha ng'ombe aliyeuma waya, ikasikika: ta.

Bibi akaweka kikombe chini. "Imeharibika?"

"Imetosheka, cucu."

Akainuka, akavaa miwani, akasogea hadi kwenye kalenda. "Kumi na tisa," akasema. Dakika chache baadaye hita ikawaka tena, naye, aliyekuwa bado amesimama pale, akatazama namba ikishuka hadi 17 na nusu kabla ya kupanda, akatikisa kichwa kwa dharau ya mtaalamu, akasema kwamba kwa mchezo huu hata yai moja lisingeanguliwa, kisha akachukua tochi yake akaenda kuyatazama.